Nondo Wawili Katika Kichupa Namba Saba

Mtafiti alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, naye alitupa kazi mimi na fundi cherehani mmoja wa mjini Tukuyu. Mimi nilifuga viwavi barazani kwangu Lupepo, nikiwalisha majani ya mpera. Fundi alishona vizimba vya neti na, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, aliandika namba kwenye vichupa. Nondo akitoka kwenye kifuko chake asubuhi, tulimtia kichupani akiwa hai, kisha kwenye barafu kavu. Mmoja, kichupa kimoja. Kusema haki, binti alilirudia hilo mara nyingi.

Aliporudi kutoka maabara alitukuta wote wawili barazani kwangu, akakaa kwenye benchi bila kuvua koti la mvua. Alisema mashine husoma maandishi ya urithi ya nondo vipande vipande, halafu kompyuta huviunga mpaka yapatikane yote. Namba saba haikuungika.

"Ni kama vitenge viwili vinavyofanana vimechanwa vikachanganywa. Mle walikuwa wawili, na namba ni mwandiko wa fundi."

Awamu ya pili, akasema, atatafuta mtu mwingine.

Fundi alicheka kidogo. "Daktari, mimi mmoja tu namshika kwa kitambaa. Wawili nitawaweza?" Lakini mikono yake iliacha kukunja neti. Mvua zile watu hawakuwa wakishonesha nguo, na kazi ile aliihitaji.

Aliyefanya hivyo ni mimi. Siku ile vichupa viliisha, akatoka jike mwenye bawa lililokunjamana. Nikaona atakufa bure, nikamtia na mwenzake. Nilidhani wakizidi si hasara.

Sijui kama ningesema iwapo fundi asingetajwa. Labda nisingesema.

"Mwanangu, namba saba ni mimi," nikasema, nikaeleza yote.

Binti akavua koti la mvua. "Mama, ungeniambia siku ileile ningekiweka kando tu."

"Ungeninyang'anya vizimba."

"Ningekunyang'anya vichupa. Na sasa navichukua. Wewe lisha viwavi, fundi ndiye atatia nondo."

"Hawa wenye manyoya?" fundi akauliza.

"Hao hao."

Fundi akaniambia, "Ndaga, mama," shukrani ya kwetu, ila hakunitazama. Sikumlaumu. Alikuwa ameshukiwa mbele yangu, nami nilimwacha ajitetee peke yake kwanza.