Mwanatatu na Mlinzi Wake Istanbul

Tarehe 13 Februari 2025, Bakari Mwarandani wa Mtongwe, Likoni, aliandikisha katika kituo kimoja cha polisi mjini Istanbul kwamba pasipoti yake imepotea. Haikupotea. Aliitoa mwenyewe kwa mikono miwili, na aliyeipokea akamwombea dua.

Mkewe, Mwanatatu, alisimama kando ya kaunta akimsikiliza akihangaika na Kiingereza. Hakumsaidia hata neno moja.

Mwanatatu ana duka la nguo za watoto Likoni. Kwa miaka mingi alinunua mali kwa wauzaji wa jumla wa kisiwani, ng'ambo ya feri, na mwaka huo akaamua kuifuata mwenyewe Uturuki, ili nguo za Idi zimfikie kabla ya Ramadhani. Angekwenda peke yake na angerudi salama. Bakari ndiye aliyekataa. Alikuwa amestaafu usimamizi wa mabawabu katika ghala moja la Changamwe, akatoka huko na imani kwamba hakuna mwizi asiyemtambua.

"Mji wa watu ule, Mama Nasreen," alimwambia. "Wewe mwanamke. Mimi nina jicho."

Ndani ya ndege alimsomea masharti kwa sauti iliyowageuza shingo abiria wa mbele. Asipokee chai ya mtu. Asiokote kilichodondoshwa mbele yake. Asimjibu anayemwita barabarani. Mwanatatu, ambaye pesa zake alikwisha kuzishonea ndani ya sidiria tangu Mtongwe, alifumba macho akajifanya amelala.

Siku mbili za kwanza Bakari alimfuata madukani, mikono nyuma, akiwakagua Waturuki kana kwamba wanatoka getini na mali ya ghala. Alimtilia shaka bibi kizee aliyeuza mikate ya ufuta. Alimzunguka mara mbili.

Siku ya tatu Mwanatatu alimwacha kwenye ukumbi wa hoteli, akapanda chumbani kuswali. Hapo ndipo alipoingia wa kuangaliwa: kijana nadhifu, kofia kichwani, aliyeinama mpaka nusu.

"Shikamoo, baba."

Mtu ambaye hajakaa na Bakari hawezi kujua neno hilo lilimfanya nini. Kwao Mtongwe vijana humpita na "niaje mzee," naye hulalamika juu ya jambo hilo kila akikaa mezani. Sasa, katikati ya Istanbul, anaamkiwa kama sharifu.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Watoka wapi?"

"Likoni, baba. Ila asili yetu Ng'ombeni. Waniita Ishaka."

Mwanatatu aliposhuka alimkuta mumewe peke yake, anatabasamu.

"Nani alikuwa hapa?"

"Mtoto wetu wa Ng'ombeni. Ana adabu, wallahi! Amekwenda kunisajilia laini ya simu. Huku bila pasipoti huuziwi."

"Umempa pasipoti?"

"Mama Nasreen, mtoto amenibusu mkono."

"Na mimi nikikubusu, utanipa nini? Figo?"

"Usitukane watoto wa watu."

"Wa nyumba gani huko Ng'ombeni? Babake nani?"

Bakari alitazama mlango. Hakuwa ameuliza. Alikuwa ameshughulika kuitikia.

Jioni ile simu ya chumbani iliita. Ishaka sasa hakuwa na shikamoo. Alitaja kiasi anachotaka, akasema bila hicho pasipoti itauzwa. Kiasi chenyewe kilikaribia sana pesa alizobakiza Mwanatatu kwa mzigo wake wa mwisho, na Bakari alimgeukia mkewe kwa macho ya mtu ambaye tayari ameshazitoa. Mwanatatu alichukua simu.

"Ishaka, mwanangu, kaa nayo," alisema. "Ina picha yake. Utajifunza kumjua mjinga ukimwona." Akakata.

"Sasa mimi nitarudi vipi?"

"Si una jicho? Litakuonyesha njia."

Asubuhi walikwenda polisi, ambako afisa aliyechoka aliwapa karatasi yenye muhuri. Ubalozi ulikuwa Ankara, mji mwingine kabisa, na hati ya kumrudisha nyumbani ingechukua siku kadhaa. Ndege yao ilikuwa kesho yake. Mwanatatu alikwenda sokoni, akanunua mzigo wa mwisho, akaukabidhi kwa wakala wa mizigo. Kisha akamlipia mumewe hoteli na nauli ya basi la Ankara, akafunga begi lake.

Bakari alisimama mlangoni. "Utaniacha kweli? Mji wenye wezi hivi?"

"Watakuibia nini?" alisema Mwanatatu, akaita lifti.

Nguo zilifika kabla ya mwezi kuandama, zikauzika. Bakari pia alifika, baadaye, na hati ya ukurasa mmoja. Leo barazani Mtongwe anasimulia alivyozingirwa na genge. Mwanzoni walikuwa watu wawili. Siku hizi ni watano, na mmoja ana kisu. Wasikilizaji humpa pole, naye huzipokea kwa kichwa kilichoinama kidogo, kama mtu aliyetoka vitani. Mwanatatu huwaletea kahawa na hamsahihishi. Anaona kumsahihisha ni kumpa hadhi asiyokuwa nayo.

Wiki iliyopita Kahaso, jirani anayeuza viatu na hajawahi kupanda ndege, alikuja kumwomba Bakari ushauri wa usalama ugenini. Aliupata, kwa saa nzima: chai za watu, vitu vilivyodondoshwa, vibibi wauza mikate. Salamu hazikutajwa.

Mwanatatu alimngoja Kahaso jikoni.

"Mturuki akikuita, utamwogopa mwenyewe bila kufundishwa," alimwambia. "Akija wa kwetu, mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu, mwambie akupe jina la babake, uniite mimi nimuulize. Kabla hapo usimpe hata kalamu."

"Baba Nasreen hakuniambia hilo."

"Hajalijua bado."

Kahaso na Mwanatatu wanaondoka mwezi ujao kufuata mali Istanbul. Duka litashikwa na Nasreen, na Bakari atabaki nyumbani.