Wiki Sita za Taya Lililofungwa

Uvimbe ulianzia nyuma ya gego la chini, upande wa kushoto, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili Kitengela. Daktari wa meno kule Kajiado aling'oa gego, lakini shavu likazidi kujaa. Halikuuma, na hilo ndilo lililonidanganya nikachelewa.

Nairobi walinikwangua mfupa, wakapima, wakasema si saratani. Nilirudi darasani nikimshukuru Mungu. Miaka minne baadaye nilipitisha ulimi pale pale, nikagusa kitu kimejitokeza tena.

Daktari wa upasuaji alinionyesha eksirei. Taya langu lilikuwa na matundu kama povu la sabuni.

"Uvimbe huu hausambai mwilini," alisema. "Lakini tukikwangua tena, utarudi tena. Inabidi tukate mfupa wenyewe, hadi tufike palipo pazima."

"Na uso wangu?"

"Utabonyea upande huo."

Mume wangu alitaka tungoje likizo ya Agosti. Nilitia sahihi siku hiyo hiyo.

Nilipozinduka, meno ya juu na ya chini yalikuwa yamefungwa pamoja kwa waya, ili taya lililobaki lisihame. Niliruhusiwa kwenda nyumbani na plaisi ndogo. Mume wangu alifundishwa akate waya zipi nikitapika, nisije nikasakamwa. Yeye alikuwa kazini mchana kutwa, kwa hivyo nilikaa na plaisi mapajani, nikinywa uji wa wimbi kwa mrija, nikiogopa hata kukohoa. Upepo ukivumisha vumbi nilifunga madirisha yote, chafya isinishike.

Mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa alinisalimu kila asubuhi mlangoni. "Takwenya, mwalimu." Nilipaswa kujibu "Iko", lakini nilitikisa kichwa tu. Siku ya nne hakunisalimu. Alimimina maziwa, akageuka aende zake. Niliandika kwenye karatasi kwamba nimepasuliwa, nikamkimbilia nayo. Aliitazama karatasi, akanirudishia.

"Mimi sijui kusoma," alisema.

Nikavuta midomo kwa vidole, nikamwonyesha waya.

Alisogea, akachungulia. "Kumbe umefungwa. Na mimi nimesema mwalimu ana maringo."

Akaweka kibuyu chini, akaketi kizingitini. Tangu siku hiyo aliketi pale kila asubuhi, akinisimulia habari za ng'ombe wake na binti yake aliyeolewa Namanga, bila kungoja jibu. Hiyo ndiyo saa pekee ya mchana ambayo sikuishika plaisi.

Waya zilipotolewa baada ya wiki sita, mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja. Ilinichukua miezi kutafuna chapati, na hadi leo natafunia upande wa kulia. Watoto darasani waliuliza kuhusu shavu langu wiki moja, kisha wakazoea.

Daktari alisema uvimbe wa aina hii unaweza kurudi hata baada ya miaka kumi, kwa hivyo kila mwaka naenda kupigwa picha. Mume wangu huwaambia watu nimepona. Mimi huwaambia haujarudi.