Mkwe Wangu na Nyumba ya Matairi

Mimi ni mtu wa Korogwe, na mdomo wangu haujawahi kuomba likizo. Nasema mapema msije mkanishangaa. Serikali ilinipeleka Tukuyu kufanya kazi ya unesi, nikaolewa hukohuko na fundi magari, Mnyakyusa mrefu wa maneno machache. Wiki ya harusi shangazi yake aliniketisha chini akaniambia kwamba yuko mtu mmoja duniani ambaye sitamtazama, sitasema naye, sitataja jina lake, wala sitakaa naye chini ya paa moja. Mtu huyo ni baba mkwe.

Nilidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Kwetu baba mkwe unamwandalia chai, unamsalimia, anakutania kidogo, basi. Kumbe wenzangu hawana mchezo! Wakati ule vijana wengi walishaanza kulegeza, hasa wa mjini, lakini mzee wetu alikuwa wa zamani hasa. Nikiwa njiani akitokea mbele, nilipaswa kuingia migombani na kuchutama nikimpa mgongo mpaka apite. Naye kwa heshima yake alikohoa kabla ya kila kona, nipate nafasi ya kujificha. Miaka ikapita, nikazaa, mtoto akaanza shule, na sura ya babu yake sikuijua. Nilijua kikohozi chake tu, na miguu yake, maana miguu huwezi kuikwepa ukiwa umeinama.

Ndipo likaja lile gari. Zilikuwa zile enzi za ruksa, mambo yamefunguliwa, mitumba inamwagika, kila mwenye akili mbili anatafuta biashara. Mzungu mmoja mwalimu wa ufundi, akirudi kwao, alimwachia mume wangu gari lake la kutembelea mbugani. Ndani lina vitanda viwili, meza ya kukunja, sinki na jiko la gesi. Watu wa Tukuyu waliliita nyumba ya matairi. Mume wangu akapata ndoto. Angewabeba watalii, awapeleke ziwa Ngosi, awapandishe Kitulo kwenye maua, kisha awateremshe mpaka hifadhi mpya ya Udzungwa na Mikumi. Kitulo yenyewe siku hizo haikuwa hifadhi bado, ilikuwa nyasi, maua, ng'ombe wa maziwa na baridi. Akasema kwanza tujaribu njia wenyewe, mimi nikiwa mpishi.

"Na baba anakuja," akaongeza, anajifanya anafunga nati.

"Baba nani?"

"Baba. Anataka kuiona milima kabla hajafa."

Nikamwambia yeye na baba yake waende salama, mimi nabaki na mwanangu. Akaenda kumwita shangazi.

Yule mama alilizunguka gari lile kama anayenunua ng'ombe. Akachungulia dirishani, akaona sinki, akaona kitanda. Kila mtu alikuwa anasubiri hukumu, maana basi si nyumba, mkwe na mkwe wanaweza kupanda basi moja wakakaa mbalimbali, lakini basi halina kitanda wala jiko. Mwisho akasema, "Likitembea ni gali. Likisimama ni nyumba."

"Kwa hiyo likisimama?"

"Mmoja atoke. Mwacha mila ni mtumwa, mwanangu."

Nikatamani kumwambia utumwa wenyewe ndio huu. Nikaenda kufunga mizigo.

Basi tukaondoka hivyo, mtoto tukamwachia shangazi. Mzee alikaa mbele na mwanawe, mimi nyuma, katikati tukatundika kanga yangu nzito. Gari likisimama, mzee anakohoa, anashuka, anaenda zake kando, halafu ndiyo nami natoka. Usiku wa kwanza, chini ya msitu wa Ngosi, yeye alilala ndani kitandani, mimi na mume wangu chini ya turubai, mvua inatupiga ubavuni. Chakula chake nilikiweka kwenye kidaraja cha mlango, nikagonga mara moja, nikageuka. Sufuria ilirudi imesafishwa. Nilikasirika mpaka usingizi ukanikimbia. Nesi mzima, mshahara wangu ndio uliolisha nyumba gari lilipokuwa juu ya mawe likisubiri vipuri, nalala matopeni kama mbwa wa shamba!

Siku ya pili tukakata kulia pale Isyonje, tukaanza kupanda. Migomba ikatuacha, mahindi yakatuacha, tukabaki na viazi, pareto na ukungu. Mitungi ya gesi iliisha asubuhi ile, na gesi ya kujaza hukuipata Tukuyu wala Mbeya siku zile, kwa hiyo nilikuwa nimebeba jiko langu la mkaa. Mchana tukafika juu kabisa, kule ambako nyasi zinaenda mpaka mbingu na mti hakuna. Maua yapo kweli, ya njano, ya zambarau, lakini nani ana muda wa maua? Gari liliingia kwenye tope jeusi likazama mpaka ekseli.

Mume wangu alisukuma, akachimba, akaweka majani. Wapi! Kisha mvua ya mawe ikaanza. Akasema atakwenda kwa miguu kwenye shamba la ng'ombe kuomba trekta.

"Mzee asipate baridi," aliniambia. "Kifua chake unakijua."

"Nakijulia wapi? Nimewahi kumpima?"

Akaondoka bila kucheka.

Niliwasha jiko chini ya turubai, nikachemsha chai ya tangawizi, nikaiweka kwenye kidaraja, nikagonga, nikageuka. Nikasikia mlango unafunguliwa, kikombe kinachukuliwa. Nikasikia meno yake yanagongana. Nilimhurumia, sitasema uongo. Nikachukua ndoo nikashuka kijitoni, maana maji yalikuwa yameisha na mawe yalikuwa yamepungua.

Niliporudi jiko halikuwepo.

Nilisimama na ndoo yangu kichwani nikitazama pale lilipokuwa, majivu kidogo na nyasi zilizoungua. Mlango umefungwa. Madirisha yamefungwa. Kwenye upenyo wa dirisha la nyuma alikuwa amechomeka soksi zake ili upepo usiingie.

Yarabi! Ndoo niliitupa. Sisi manesi wa Tukuyu kila msimu wa baridi tulizijua habari za jiko la mkaa chumbani. Niliwahi kupokea mke na mume waliobebwa kwenye machela, wamelala wametulia kama waliosinzia kanisani, na wote wawili walikwisha kufa. Sumu ile haina harufu, haikupigii hodi. Inakupa usingizi tu.

Nikakohoa. Ndiyo, nilikohoa mimi, kumjulisha. Kimya. Nikapiga bati la gari kwa mwiko, nikapiga tena kwa nguvu zote. Kimya. Nikatazama huku na huku, labda mchungaji wa ng'ombe, labda mwanamume yeyote apite. Ukungu mtupu. Nikasema mume wangu atarudi sasa hivi, na hapohapo nikajijibu: atarudi akute nini? Nikiingia, nimevunja mila ya watu, na shangazi ameshaniapia kwamba mkwe akimvunjia heshima mkwe, watoto wanaugua. Mimi siamini. Lakini nina mtoto mmoja, na nilisimama pale nikimfikiria yeye. Nilisimama muda ambao mpaka leo naujutia.

Mlango wa nyuma alikuwa ameutia komeo. Nikazunguka mbele, nikapanda kwenye kiti cha dereva, nikaing'oa kanga yangu.

Joto lilinipiga usoni. Alikuwa amelala kwenye kitanda nilichokuwa nikikalia safarini, blanketi mpaka kidevuni, jiko sakafuni jekundu linawaka vizuri. Ndiyo siku nilipoiona sura yake. Ilikuwa sura ya mwanangu, paji lilelile, masikio yaleyale, imezeeka tu. Nikafyatua komeo, nikausukuma mlango, nikalinyakua jiko kwa mkono mtupu nikalirusha nje. Kuungua sikukusikia wakati ule. Nikamshika makwapani nikamvuta. Loo, uzito wake! Kwenye kidaraja alinilemea tukaanguka wote, mimi chini, yeye juu, matopeni, mkwe na mkwe.

Nilimgeuza ubavu. Anapumua kwa mbali sana. Nikamzaba kofi. Nikamzaba jingine. Nikamwita "baba" mara nyingi, hasikii, basi nikaliita jina lake, lile ambalo tangu niolewe sijalitoa hata ndotoni, nikalipiga ukelele mlima mzima: "Amka! Huwezi kunifia mimi hapa! Watasema nini, amka!" Ndivyo nilivyosema, msinilaumu. Hofu haichagui maneno.

Akatapika. Akavuta hewa, akatapika tena, na mimi nikaanza kulia kwa furaha kama mjinga.

Lakini alikuwa amejichafua, nguo zote, na baridi ile ingemmaliza kwa njia nyingine. Siri ya maiti aijuaye mwosha, na ya mgonjwa tunaijua sisi. Nilimvua. Nilimsafisha kwa maji yaliyobaki ndani ya ndoo, nikamvalisha suruali ya mwanawe, nikamfunga blanketi, nikamwegemeza kwenye gurudumu. Nguo zake nilizifua kijitoni nikazikamua. Kazi hii nimeifanya kwa mamia ya watu bila kufikiri. Siku ile nilihesabu kila kifungo.

Niliporudi, macho yake yalikuwa wazi, anaangalia suruali aliyovaa. Nikageuka haraka nikampa mgongo, mazoea. Nikasikia analia, kilio cha kubana, cha mtu asiyetaka kusikika. Hakulilia kifo. Nilimjua kuliko alivyodhani.

"Umeniona?" aliuliza.

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu.

Mimi ni mtu wa kusema lililopo. Mgonjwa wangu akiniuliza kama anakufa, namwambia. Lakini nilitazama zile nyasi mbele yangu.

"Hapana, baba," nikasema. "Nilifumba macho."

Akasema, "Ndaga. Ndaga fijo." Asante, asante sana, sauti yake imekwisha kabisa.

Trekta lilifika jua limeshalegea. Mume wangu aliruka chini, akaliona jiko limepinduka nyasini, akamwona baba yake amejiegemeza garini, blanketi mpaka miguuni, midomo imekauka, akaelewa, kwa kuwa naye si mtoto. Akapiga magoti mbele yake.

"Baba! Nani amekutoa humo ndani?"

"Nilitoka mwenyewe," mzee akasema.

Mume wangu aliinuka polepole. Katika ndoa yetu yote hajawahi kuniinulia sauti, siku ile aliniinulia, mbele ya dereva wa trekta.

"Na wewe ulikuwa wapi? Nesi mzima! Baba yangu anakufa hatua mbili kutoka ulipo, wewe ulikuwa wapi?"

Mkono wangu ulioungua niliuficha ndani ya kanga. Nikafungua mdomo nimpe zake, na mnajua ninavyoweza. Nyuma yake mzee alikuwa ameinamisha kichwa, amelishika blanketi kwa mikono miwili, anasubiri.

"Nilikuwa kijitoni," nikasema. "Nilikuwa nachota maji."