Sentensi Yangu Kwenye Orodha ya Mbegu

Mimi ndiye niliyeiandika ile sentensi. Naanza na hilo kwa sababu siku ile, mlangoni mwa stoo ya Kyuso, sikulisema.

Ushirika wetu wa wakulima wa ndengu ulikuwa umenunua programu mpya yenye msaidizi wa akili bandia. Meneja humwandikia anachotaka, naye huchagua zana ya kutumia: moja hutuma ujumbe kwa wakulima, nyingine hutafuta rekodi, nyingine hubadilisha orodha. Msaidizi huyo haoni stoo wala hamjui mtu. Anachojua kuhusu kila zana ni maelezo yaliyoandikwa tu, na kazi ya kuyaandika nilipewa mimi, kwa kuwa nilisomea kompyuta na ni mtoto wa hapa. Nilijivunia hilo la kuwa mtoto wa hapa kuliko cheti.

Kwa zana ya mbegu niliandika: "Huondoa kwenye orodha ya mbegu wanachama ambao hawakuleta mazao msimu uliopita." Basi. Niliona nimeandika kitu kifupi na safi. Tena nilikuwa na njaa, na hoteli ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imeshaanza kupakua muthokoi.

Sikuandika kwamba kwetu mtu anaweza kuleta mazao na jina lake lisiandikwe. Wanawake wa kikundi kimoja cha mwethya huvuna pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, kisha magunia yao yote hubebwa na punda wa mmoja wao. Karani huandika jina la mwenye punda. Gunia gani ni la nani, hilo karani analo kichwani. Mama yangu alikuwa kwenye mwethya, na punda huyo nimemswaga mwenyewe tangu nikiwa shule ya msingi. Nani angehitaji kuambiwa hilo?

Wiki chache kabla ya mvua, meneja alimwandikia msaidizi asafishe orodha ya mbegu. Msaidizi akasoma sentensi yangu, akafanya ilivyosema. Hakumwuliza karani kwa sababu sikuwa nimeandika kwamba aulize.

Siku ya kugawa nilikaa mlangoni na tableti, nikisoma majina. Akaja mama mmoja mzee wa mwethya ya mama yangu, yule aliyetupikia mwezi mzima mama alipolazwa. Alikuja kwa miguu, gunia tupu amelikunja kwapani.

"Mwaitu, jina yako siioni," nilimwambia, nikimwita kama nimwitavyo mama yangu.

"Angalia tena, mwana wakwa. Ndengu yangu si ililetwa hapa na ile punda? Wewe unajua."

Nilijua. Niliangalia tena, nikaona wenzake wote wa mwethya hawamo isipokuwa mwenye punda. Nyuma yake watu kwenye foleni walikuwa wakisikiliza. Ningeweza kusema kosa ni langu. Ni maneno matatu tu.

"Ni mashine, mwaitu," nikasema. "Mashine ndiyo imetoa jina."

Alinipigapiga begani kana kwamba mimi ndiye niliyekosa mbegu. Mbegu zilikuwa zimeagizwa kufuata orodha, kwa hiyo hakukuwa na ziada ya kumpa. Mvua ilipoanza, alipanda kona moja ya shamba kwa mbegu za kuombaomba. Sehemu iliyobaki ilimea magugu, na nililazimika kuipita kila siku nikienda kazini.

Sentensi niliirekebisha jioni ileile. Niliongeza kwamba mazao ya wanachama kadhaa huandikwa kwa jina la mwenye punda, na kwamba zana hiyo isitumike kabla karani hajathibitisha majina. Ilinichukua dakika tano. Hizo dakika tano zinaniuma mpaka leo.

Jumapili iliyofuata, mchungaji alipouliza nani ana ombi, mama yule alisimama.

"Naomba tuombee ile mashine ya ushirika," alisema. "Haikujua. Mungu aipatie akili, na sisi tusiikasirikie. Na huyu kijana anafanya nayo kazi, Mungu amshike mkono, juu hiyo kazi ni ngumu."

Kanisa zima likaitikia amina. Nami nikaitikia, tena kwa sauti.