Jina la Tatu kwenye Sivii

Nasike aliuguza wagonjwa wa hospitali kwa miaka mingi, kisha akaacha kazi ili amuuguze mmoja tu. Figo za mumewe, Shiundu, zilikuwa zimekataa, na nyumba yao ya Makongeni ikageuka wodi. Miaka mitatu alimwosha, akamgeuza, akamfunga vidonda, akamwimbia nyimbo za kanisani usingizi ulipogoma. Bwana alipomchukua Shiundu, Nasike alibaki na binti yake Mitchelle, na nyumba ya kupanga ambayo hakujua wataikalia mpaka lini.

Kliniki moja ya Donholm ikatangaza kwamba inatafuta muuguzi. Akiikosa nafasi hiyo, yeye na mtoto wangefunga virago. Waende wapi? Kwao alishatolewa kwa ndoa, na ukweni walikuwa wamemfungia mlango.

Mlango huo ulifungwa siku ya mazishi, kule Bungoma. Jeneza lilipoteremshwa, mzee Lusweti, baba yake Shiundu, alianguka kama gogo, pumzi ikakatika. Kwa Wabukusu mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi. Tangu aolewe, Nasike alikuwa akimsalimu kwa mbali, macho chini. Siku hiyo alimrukia, akamfungua shati, akamfinya kifua kwa mikono miwili mpaka mzee akavuta pumzi. Waombolezaji walitazama pembeni. Hakuna aliyesema asante.

Jioni wazee walimwagiza alete kondoo wa kuondoa mwiko, la sivyo asikanyage tena boma lile. Naye, kwa kuwa ameokoka, akajibu kwamba damu ya Yesu inatosha. Clare, dada ya marehemu, alicheka kwa pua.

"Ya Yesu inatosha," alisema. "Mikono yako ndiyo haikumtosha kaka yangu."

Sivii, karatasi ya kueleza kazi alizofanya, Nasike aliiandikia kwenye saiba, duka la kompyuta la Zaki, jirani yao. Zaki alisoma kwenye kompyuta, akakuna kidevu.

"Mama Mitchelle, hapa pana shimo la miaka mitatu. Tuseme ulikuwa Saudia. Nani atapanda ndege akaulize?"

Nasike alikataa. Hakutaka kumwomba Mungu mkate kisha aupake uongo. Aliandika kwamba alimuuguza mumewe nyumbani. Zaki akamwambia basi atafute mtu aliyeyaona hayo kwa macho, maana waajiri siku hizi hupiga simu. Majina mawili yalipatikana upesi, la mchungaji na la bosi wake wa zamani, lakini hao hawakuwahi kuingia chumba cha mgonjwa. Aliyeingia ni Clare. Kila Jumapili alikuja kutoka Makadara, akakaa kitini akitazama vidonda vikifungwa. Tena alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwake. Nasike aliamini kwamba mtu anayeongoza maombi hawezi kumsingizia mjane.

Alimpigia kumwomba ruhusa. Clare hakusita.

"Niweke," alisema. "Nitasema ukweli."

Siku ya mahojiano, Bi Falis, mkuu wa wauguzi pale kliniki, aliisoma sivii mpaka mwisho, akapiga namba ya Clare na kuiweka simu mezani, sauti wazi.

"Huyo?" Clare alisema. "Kaka yangu aliingia mikononi mwake akitembea, akatoka amebebwa. Mwanamke huyo hakushiba. Akampanda baba yangu kifuani, mkwewe mwenyewe, kaburi likiwa wazi. Alimfinya kama anakanda unga. Mbavu zinamuuma hadi leo."

Nasike alitazama sakafu. Aliona kazi ikimponyoka.

"Alimfinya kwa nini?" Bi Falis aliuliza.

"Mzee alikuwa ameanguka."

"Alikuwa anapumua?"

"Hapana."

"Na sasa yuko wapi?"

"Yuko hapa kwangu. Anakunywa chai."

Bi Falis alishukuru, akakata simu. Alimwambia Nasike aje Jumatatu na sare yake, na kwamba wagonjwa wa pale pia hufa, kwa hiyo asije akalia wodini.

Nasike hajafika getini, simu yake ikalia.

"Wamekukataa?" Clare aliuliza, sauti laini kama ya mtu anayetoa pole.

"Naanza Jumatatu, wifi."



"Basi kula. Umeipata kwa maiti ya kaka yangu na mbavu za baba yangu. Desemba tunasimamisha msalaba kaburini kwa Shiundu. Wewe na mtoto wako msije. Mkija, vijana watawafukuza kama mbwa waliofuata harufu ya mchuzi."

"Mitchelle ni damu yenu."

"Tutamkumbuka akiposwa," Clare alisema, akakata.

Nasike alisimama kando ya barabara ya Outer Ring, magari yakimpita. Bwana amesema tuwaombee wanaotuudhi, naye alikuwa amelishika neno hilo tangu utotoni. Alifumba macho ili amwombee wifi yake. Alipofika mahali pa kumtaja, akarudi mwanzo wa sala, na mpaka anavuka barabara alikuwa hajalitamka jina.