Makumbi ya Watu Wawili

Saa nne asubuhi maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, yamekimbia mbali na pwani ya Kaole. Sabiha Mrisho amesimama kwenye tope linalomfika vifundoni, jembe mkononi, macho kwenye shimo lililofunikwa. Juu yake palikuwa na mawe mawili. La kwake ameshaliondoa. La pili hajaligusa.

“Hili la Mwanvita,” anasema. “Siliwezi.”

Si uzito anaousema, maana jiwe lenyewe hata mtoto wa chekechea angelibeba.

Chini yake kuna makumbi ya nazi, yale maganda ya nje, yaliyofukiwa ili yalainike, yapigwe yatoe usumba, na usumba usokotwe kamba. Sabiha, mwenye umri wa miaka 61, ameifanya kazi hii tangu usichana wake, na muda wote huo mwenziwe alikuwa Mwanvita Abdillah. Wanawake wengine waliokuwa wakifukia hapa wamehamia kwenye samaki wa kukaanga mjini Bagamoyo, au wamechoka tu. Kamba za nailoni zimewamaliza. Kitita kizima cha kamba za usumba siku hizi humpatia shilingi 8,000, tena kwa kuwabembeleza wenye hoteli wanaozitaka kwa mapambo.

Kazi hii ina jina la Kiingereza, na Sabiha analijua. Miaka kadhaa iliyopita alipita mtafiti wa nyuzi za mimea, mwanamke mpole asiyeona taabu kukaa mkekani, akawaambia kwamba wanachokifanya kinaitwa ‘retting’.

Mwandishi wa makala haya alilitafuta neno hilo. Kamusi ndogo hazikuwa na habari nalo, na ukimtajia Mwingereza wa mtaani huenda akakutumbulia macho tu. Ni neno la mafundi wa kitani, juti na makumbi. Maana yake ni kuuacha mmea majini, au kwenye umande, mpaka vijidudu vitafune sehemu laini na kuuacha uzi mzima. Halitumiki kwa kila kinachooza. Ndizi iliyosahauliwa jikoni haihusiki. Lazima awepo mtu aliyekusudia, tena anayejua wakati wa kutoa, kwa sababu akichelewa vijidudu huhamia kwenye uzi wenyewe, na hapo kinachochimbuliwa ni uchafu.

Wanawake hawa wawili walilikata mkia likabaki ‘reti’, wakalifanya lao.

“Tukiwa sokoni namwambia, bi Mwanvita, kesho reti. Watu wanatushangaa, sisi tunacheka mpaka mbavu zinauma,” anasimulia. “Sasa nimwambie nani? Nikilisema peke yangu naona kama nimerukwa na akili.”

Kwa wafukiaji wa Kaole, makumbi yaliyofukiwa na wawili huchimbuliwa na wawili. Kila mmoja huweka jiwe lake, na kila mmoja huliondoa kwa mkono wake, kisha wakagawana palepale kwenye tope. Anayechimbua peke yake husemwa, na aliyeachwa ana haki ya kununa.

Mwanvita alipata kiharusi kabla ya masika. Upande wa kulia ulilala, maneno yakamkimbia. Mwanawe Najim, fundi magari, akaja kumchukua akaenda kumuuguza kwake Mbagala. Sabiha ndiye aliyemfungia mizigo, na alimwahidi kwamba watachimbua akirudi.

Shimo lao liko mbali na ufukwe, huonekana wakati wa bamvua tu. Bamvua moja ikapita. Nyingine ikapita, naye amejifungia ndani.

“Nilijua yanaharibika. Lakini nikichimbua, ndiyo nimekubali kwamba harudi. Nikaona bora yaoze.” Anaegemea mpini wa jembe. “Kupiga makumbi ni kupokezana, mwanangu. Gongo langu, gongo lake. Nikipiga peke yangu naisikia ile nafasi yake. Inaniumiza kuliko nilivyoumia siku ya kufiwa na mume wangu, Mungu anisamehe.”

Baada ya adhuhuri maji yatakuwa yamerudi, na akiyaacha makumbi tena hatakuta cha kuchimbua. Anafungua pindo la kanga, anatoa simu, anapiga.

“Shikamoo, mama,” Najim anapokea.

“Marahaba, mwanangu. Mgonjwa kaamkaje?”

“Hajambo kidogo. Uji kanywa.”

“Mpe simu niseme naye.”

Kinachosikika kwanza ni pumzi. Tangu augue, Mwanvita husema “eeh” na si zaidi. Hata jina la mwanawe linamshinda.

“Bi Mwanvita, niko kwenye tope. Makumbi yetu yamepitiliza. Nisamehe, nilikuwa nakungoja. Nitoe jiwe lako?”

Kisha neno linatoka, zito, limeburuzwa.

“Reti.”

Kwa mbali Najim anasikika akimuuliza mama yake amesema nini. Sabiha amejiziba uso kwa kanga.

“Nitoe?” anauliza tena.

“Eeh.”

Analiondoa. Tabaka la juu limekwisha, jeusi, linameguka kama mkate uliolowa chai. Anatupa, anachimba, anatupa tena. Karibu nusu imepotea. Chini kabisa, tope lilikobana, makumbi yamesalimika; Sabiha anachomoa uzi, anauvuta kwa nguvu zote, haukatiki. Anagawa mafungu mawili sawa kwa sawa na kulifunga kila moja peke yake.

Jumamosi hii anakwenda Mbagala na mafungu yote mawili. Atayapiga hukohuko, uani, mbele ya mwenziwe. Kusokota kunataka viganja viwili, na Mwanvita amebakiwa na kimoja. Lakini kamba ndefu haisokotwi bila mtu wa pili wa kuikamata upande mmoja, na kwa hilo mkono wa kushoto unatosha.

Maji yanapoanza kurudi, Sabiha anampigia Najim tena.

“Mwanangu, uani kwako pana pima ngapi?”

Najim anasema hajawahi kupapima, kwa mikono iliyonyooshwa wala kwa futi.

“Kapapime,” anamwambia. “Nataka kujua nitasokota mpaka wapi. Mama yako atashika ncha.”