Mama Aliyenyweshwa Uji Pichani

Jumamosi iliyopita niliingia kwenye ukumbi wa parokia moja hapa Nyamagana, kutazama maonyesho ya picha ya shirika la hisani la Kikatoliki yanayozunguka kanda ya ziwa. Picha zote ni za majirani wanaosaidiana. Mbele ya mojawapo alisimama mama wa makamo, mikono kiunoni. Aliyeonekana pichani ni yeye mwenyewe, kitandani, mguu umefungwa bandeji, na jirani yake anamnywesha uji huku akitabasamu.

"Uji alileta, sikatai," alimwambia dada aliyesimamia maonyesho. "Lakini yeye alipojifungua mapacha, nani alimfulia nepi miezi miwili? Si mimi? Mbona siku zile hamkuja na kamera?"

"Pole, mama. Tuitoe?"

"Usiitoe!" Akaisogelea, akakigusa kilemba cha jirani yake kwa kidole. "Na hiki kilemba ni changu. Alikiazima asubuhi ile ile, akijua mnakuja."

Dada akacheka. Mama hakucheka. Alifuta jicho kwa ncha ya kanga, akasema taratibu, "Andika tu hapo chini kwamba na mimi huwa natoa."

Dada akatafuta kalamu, akaandika.

Nilitoka pale nikiwa na wivu kuliko yule mama. Kwangu Buswelu nina ukuta mrefu na geti la chuma, na jirani yangu namjua kwa honi ya gari lake. Nikivunjika mguu kesho, uji nitaagiza kwa bodaboda.